Tsadi si Nyota: kusoma Kitabu cha Sheria kwa karata na hesabu ya herufi

Swali la msomaji: Mimi ni mwenyeji wa Kondoa, kwa sasa nakaa Dodoma mjini. Abjadi, yaani hesabu ya herufi za Kiarabu, nilijifunza madrasa, na karata za taroti ninazo tangu mwaka jana, zile za Rider-Waite. Nimeanza kusoma Kitabu cha Sheria, andiko kuu la Thelema, imani iliyoanzishwa na Aleister Crowley. Sura ya kwanza aya ya 57 inasema herufi ya Kiebrania Tsadi si Nyota, lakini jedwali nililo nalo linaiweka Tsadi kwenye karata ya Nyota hiyo hiyo. Neno Abrahadabra nikilihesabu napata 421, wakati inasemekana ni 418. Sura ya pili aya ya 15 na 16 zimenishinda kabisa. Je, karata na Mti wa Uzima vinasaidia kweli kuelewa, au mtu husomea humo chochote akitakacho? Na nikipata jibu, naweza kukaa na wenzangu tukalijadili kwa Kiswahili?

Jibu: Ndugu msomaji, wasiwasi wako una msingi. Mtu akiwa na jedwali la herufi, karata 78 na jioni isiyo na kazi, anaweza kuthibitisha kwamba neno lolote ni sawa na neno lolote. Kinachomzuia ni kanuni moja, nayo naomba uishike kabla hujagusa kalamu: aya ndiyo iite karata, karata isiiite aya. Aya ikitaja namba, herufi au jina la karata, imekualika kuhesabu. Isipotaja, funga jedwali usome maneno yalivyo. Aya nyingi kati ya zote 220 hazina mwaliko huo.

Hiyo 220 yenyewe ni mahali pazuri pa kuanzia. Aleister Crowley, mwanamafumbo Mwingereza, aliandika sura tatu za kitabu hicho Kairo, tarehe 8, 9 na 10 Aprili 1904, sura moja kwa siku, saa sita hadi saa saba mchana, akisema anaandikishwa na sauti iliyojiita Aiwass. Sura ya kwanza ina aya 66, ya pili 79, ya tatu 75. Jumla ni 22 mara 10: herufi 22 za Kiebrania, na sefiroti 10 za Mti wa Uzima, yaani vituo 10 vya mchoro wa Kabala (elimu ya mafumbo ya Kiyahudi), vinavyounganishwa kwa njia 22. Anayesema katika sura ya kwanza ni Nuit, anga lote. Ukitaka kumwona, toka nje ya mji usiku wa kiangazi, mahali ambapo uwanda wa Ugogo hauna kilima, utazame jinsi mbingu ilivyoinama toka upeo hadi upeo. Ndivyo Wamisri walivyomchora: mwanamke aliyeinama, mikono na miguu vikigusa ardhi. Sura ya pili ni ya Hadit, nukta isiyo na upana iliyomo ndani ya kila kitu. Ya tatu ni ya Ra-Hoor-Khuit, mtoto wao, na lugha yake ni ya vita, usiisome kwanza.

Sasa jedwali. Karata za taroti zilianza Italia ya kaskazini karne ya 15 kama mchezo, hazikuwa na uhusiano na Kiebrania. Kuziunganisha na herufi kulikuja Ufaransa mwaka 1781, kukaendelezwa na mwanamafumbo Mfaransa Eliphas Lévi katikati ya karne ya 19, kisha kukapangwa upya na chama cha Golden Dawn kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1888. Crowley aliingia chama hicho mwaka 1898, na jedwali alilokuwa nalo kichwani Kairo ni la huko. Kabala ya Wayahudi wenyewe ni elimu ya kale na haitumii karata. Tunayoizungumzia hapa ni Kabala ya wanamafumbo wa Ulaya, na ni haki kwa pande zote mbili kuzitenganisha.

Tofauti ya majedwali ndiyo inayowapoteza wengi. Lévi alimpa Alefu karata ya Majusi, namba 1. Golden Dawn walimpa Alefu karata ya Mpumbavu, namba 0, na kila herufi inayofuata ikasogea. (Nasema Majusi kama wale wa Injili ya Mathayo. Ukiandika "Mchawi", msomaji wa Kiswahili atawaza mtu wa kuwanga usiku, na maana yote itaharibika.) Tushike lipi? Hapa kitabu kinajibu chenyewe. Sura ya kwanza aya ya 48 inasema, kwa maana, kwamba nabii wangu (yaani Crowley) ni mpumbavu na moja, moja, moja yake. Je, hizo si Ng'ombe, na si kitu kwa mujibu wa Kitabu? Alefu maana yake ni ng'ombe dume. Jina la herufi hiyo likiandikwa kamili ni Alefu, Lamedi, Pee: 1 na 30 na 80, jumla 111. Hizo ndizo moja tatu. Na "Kitabu" ni Kitabu cha Thoth, jina ambalo wanamafumbo huipa taroti: humo Alefu ni Mpumbavu, 0, yaani si kitu. Neno "mpumbavu" nalo limo ndani ya aya. Jaribu kwa jedwali la Lévi: Alefu inakuwa Majusi, namba 1, na maneno "si kitu" yanakosa pa kukaa. Kwa hiyo aya imeshachagua jedwali, wewe usichague.

Aya hiyo moja ifanye mara tano kabla ya kwenda nyingine. Ina herufi, ina namba, ina karata, na vyote vinaelekea upande mmoja. Ukishaonja hesabu iliyosimama namna hiyo, utaitambua ile ya kulazimisha.

Karata za kununua si lazima. Nenda duka la steshenari, nunua karatasi moja ya manila nyeupe, ukate vipande 22 vya sentimita 7 kwa 12. Kila kipande kiwe na mambo matano: namba ya karata, herufi, thamani ya herufi, maana ya jina la herufi, na njia yake kwenye Mti, tangu njia ya 11 hadi ya 32 (sefiroti 10 zimeshachukua 1 hadi 10). Herufi na njia andika kwa penseli, kwa sababu utakayoyafanya mbele yatahitaji kukata maandishi kwa mstari. Karata ndogo 56 ziweke kando kwanza. Andiko hili haliziiti. Ila ukizihitaji siku moja, majina yake unayo tangu utotoni. Pau, kopa, shupaza na uru ni maneno ya Kireno, na yanamaanisha fimbo, vikombe, panga na dhahabu: aila zile zile nne za taroti, yaani moto, maji, hewa na ardhi. Anayecheza karata chini ya mwembe anazitaja kila siku.

Tuje kwenye abjadi yako. Ni msaada mkubwa, kwa sababu herufi 22 za Kiebrania na zile 22 za kwanza za abjadi zina thamani moja kwa moja: alifu 1, ba 2, jimu 3, hadi ta 400. Herufi sita za nyongeza za Kiarabu, zenye 500 hadi 1000, hapa huzihitaji. Tatizo lako la 421 limetoka kwenye herufi H. Kiarabu na Kiebrania vina H mbili. Moja ni 5, ile inayolimaliza jina Allah. Nyingine ni 8, ile iliyo katikati ya Rahmani. Maandishi ya Kilatini yanazionyesha kwa umbo moja, nawe ulichukua ya 8. Abrahadabra inaandikwa kwa Hee, ya 5:

A 1, B 2, R 200, A 1, H 5, A 1, D 4, A 1, B 2, R 200, A 1. Jumla 418.

Hitilafu ya namna hii itakurudia kwenye T (Tethi 9, Tavu 400), kwenye K (Kafu 20, Kofu 100) na zaidi kwenye S, ambayo inaweza kuwa 60, 90 au 300. Ndiyo maana nasisitiza usihesabu neno mpaka uwe umeliona limeandikwa kwa herufi za lugha yake. Mtego mwingine unaomngoja mtu wa abjadi ni neno Ain. Sura ya kwanza aya ya 46 inasema kwamba "si kitu" ni ufunguo wa siri wa sheria hii, na kwamba Wayahudi wanauita sitini na moja. Hiyo ni Ain ya Alefu, Yodi, Nuni: 1 na 10 na 50. Si ile aini ya Kiarabu ambayo maana yake ni jicho na thamani yake 70; hiyo Kiebrania kinayo pia, na ni herufi nyingine kabisa.

Kuna zawadi moja abjadi inakupa ambayo msomaji wa Kiingereza anaipata kwa taabu. Alefu na Lamedi zikisomwa AL ni Mungu kwa Kiebrania. Zikigeuzwa, LA, ni "siyo". Thamani ni 31 kwa namna zote mbili. Sisi tunasema "la, hasha" kila siku, na "la" hiyo ndiyo hiyo hiyo, imetufikia kupitia Kiarabu. Mwaka 1918 Charles Stansfeld Jones, mwanafunzi wa Crowley, alipendekeza kwamba 31 ndiyo ufunguo wa kitabu kizima. Crowley alikubali, na kitabu kilichokuwa kikiitwa L kikaitwa AL. Zidisha 31 kwa 3 upate 93, ambayo kwa hesabu ya Kigiriki ni thelema, yaani utashi: 9, 5, 30, 8, 40, 1. Agape, upendo, nayo ni 93: 1, 3, 1, 80, 8. Angalia kwamba hapa tumehama kutoka Kiebrania kwenda Kigiriki kwa sababu maneno yenyewe ni ya Kigiriki. Ukiyahesabu kwa abjadi utapata namba nyingine, na haitakuwa na maana yoyote.

Ukiwa na 31 mkononi, ile aya ya 15 ya sura ya pili inafunguka. Hadit anasema kwamba yeye ni mkamilifu akiwa Siyo. Namba yake ni tisa kwa wapumbavu, lakini kwa wenye haki yeye ni nane, na moja katika nane. Sasa chukua vipande vyako. Karata ya Haki, mwanamke mwenye mizani na upanga, kwa mpangilio wa kale ni ya 8, na herufi yake ni Lamedi, 30. "Wenye haki" ni jina la karata limetajwa waziwazi, na Kiswahili kinalibeba vizuri bila kupoteza kitu. Moja ni Alefu, Mpumbavu. Moja ndani ya nane ni Alefu pamoja na Lamedi, 31, LA: Siyo. Rudi mwanzo wa aya uone neno lililofunguliwa nalo. Tisa ya wapumbavu ni karata ya 9, Mkaapweke. Ndivyo Crowley mwenyewe alivyoifafanua, nami sina cha kuongeza hapo.

Lakini wewe ulishindwa kwa sababu nyingine, nayo imo kwenye pakiti yako. Karata za Rider-Waite, zilizotoka mwaka 1909, zinafuata mpangilio wa Golden Dawn waliobadilisha nafasi za karata mbili: Nguvu ikawa ya 8, Haki ikawa ya 11. Ukitoa ya 8 kwenye pakiti hiyo unamwona mwanamke na simba, na aya inakuwa giza. Karata za Thoth, alizochora Frieda Harris kwa maelekezo ya Crowley kati ya 1938 na 1943, zimerudisha Haki kwenye 8, na hata wameipa jina jipya lenye maana ya kuweka sawa. Huhitaji kununua pakiti nyingine. Kwenye manila andika 8 kwenye Haki na 11 kwenye Nguvu.

Ila usisahau kwamba Haki imewahi kuwa ya 11, maana ndiyo inayokusaidia kwenye mwisho wa aya ya 15 na kwenye ya 16. Hadit anaendelea: Malkia Mkuu na Mfalme si wangu, kwa kuwa kuna siri zaidi. Mimi ni Malkia Mkuu na Kuhani Mkuu. Hivyo kumi na moja, kama bibi harusi wangu alivyo kumi na moja. Malkia Mkuu ni karata ya 3, Kuhani Mkuu ni ya 5, jumla 8. Nane inakuwaje kumi na moja? Kwa njia mbili. Ya kwanza, karata ya Haki inabeba namba zote mbili, 8 ya kale na 11 ya Golden Dawn. Ya pili, Abrahadabra ina herufi 11 na thamani yake ni 418. Na jina la herufi Hethi likiandikwa kamili ni 8 na 10 na 400, yaani 418, huku Hethi yenyewe ikiwa 8. Bibi harusi ni Nuit, ambaye kwenye sura ya kwanza aya ya 60 anasema mwenyewe kwamba namba yake ni 11. Kuhusu huyo "Mfalme" nakushauri penseli. Wafafanuzi humchukua kuwa Kaisari, karata ya 4, ili 3 na 4 ziwe 7 na kukataliwa. Inaingia akilini, kwa kuwa jozi zote mbili zinaanza na Malkia yule yule. Lakini neno lililoandikwa ni mfalme, si kaisari, na mahali pengine popote tungeitazama tofauti hiyo kwa makini.

Sasa Tsadi. Aya ya 57 ya sura ya kwanza ni ndefu. Inasema kuna upendo na upendo, kuna njiwa na kuna nyoka, chagueni vema. Nabii amechagua, akijua sheria ya ngome na fumbo kuu la Nyumba ya Mungu. Kisha inasema herufi zote hizi za zamani za Kitabu changu ziko sawa, ila Tsadi si Nyota. Watu hukimbilia sentensi hiyo ya Tsadi na kuacha zilizotangulia, ambazo ndizo zinazothibitisha kwamba tunazungumzia karata. "Nyumba ya Mungu" ni jina la Kifaransa la karata ya 16, Mnara unaopigwa na radi. Herufi yake ni Pee, 80. Kwenye karata ya Thoth, njiwa na nyoka wamechorwa humo humo juu ya mnara unaoporomoka. "Ngome" inaelekea kwa Hethi, herufi ambayo jina lake ni ua au uzio, thamani 8, karata ya Gari la Vita. Sasa rudi aya ya 46, ile ya sitini na moja: Nuit anasema, mimi ninaita nane, themanini, mia nne na kumi na nane. Hethi, Pee, na Hethi kwa ukamilifu wake. Aya mbili zilizo mbali, moja kwa namba na nyingine kwa majina, zinazitaja herufi zile zile. Hesabu inayotoka pande mbili ambazo hazikupanga kukutana ndiyo ninayoiamini.

Chukua kipande cha karata ya 17, Nyota. Ulikuwa umeandika Tsadi, 90, njia ya 28. Kata kwa mstari mmoja bila kufuta, ili kesho uone ulikotoka. Andika Hee, 5, njia ya 15. Chukua cha karata ya 4, Kaisari. Kata Hee, 5, njia ya 15, uandike Tsadi, 90, njia ya 28. Nyota za falaki usiziguse: Kaisari anabaki na Hamali, yule Kondoo, na karata ya Nyota inabaki na Dalu, Ndoo. Wanaohamisha na falaki pia wanajikuta na mwanamke anayemimina maji akiwa chini ya Kondoo wa moto, na hapo picha yote inagoma.

Kwa nini Hee? Kwanza, katika Jina la Mungu la herufi nne (Yodi, Hee, Vavu, Hee), Hee ni nafasi ya mama na ya binti. Kumpa Kaisari mwenye ndevu herufi hiyo kulikuwa kugumu tangu mwanzo. Pili, Tsadi imo kwenye mlio wa Tsar, na Crowley aliisogeza hoja hiyo hadi kwa Kaisari, jina ambalo Biblia yetu inalo. Hoja hii ya pili naiona nyepesi, milio ya majina hukutana ovyo. Tatu, tazama neno la kwanza kabisa la kitabu: Had. Hee, Alefu, Dalethi. Kwa jedwali la zamani ni Kaisari, Mpumbavu, Malkia Mkuu. Kwa jipya ni Nyota, Mpumbavu, Malkia Mkuu, na mwanamke wa karata ya Nyota ni Nuit mwenyewe. Aya ile ile inasema Had ni kudhihirika kwa Nuit. Hiyo ndiyo hoja ninayoishika.

Kuna na hoja ya duara. Chora buruji 12 kwa mzunguko. Sumbula, yaani Mashuke, inatazamana na Hutu, yaani Samaki. Pande mbili za Sumbula kuna Asadi na Mizani, ambazo karata zake, Nguvu na Haki, ndizo zile zilizobadilishana 8 na 11. Pande mbili za Hutu kuna Dalu na Hamali, ambazo karata zake, Nyota na Kaisari, sasa zinabadilishana herufi. Ni mizunguko miwili inayolingana, na Crowley aliona humo uthibitisho mkubwa. Unapoifundisha, sema na udhaifu wake: upande mmoja kinachohama ni namba ya karata, upande mwingine ni herufi. Ni ndugu, si mapacha.

Kwenye Mti, mabadiliko yanaleta tofauti unayoweza kuiona kwa kidole. Njia ya 15 inatoka sefira ya Hekima kushuka ile ya Uzuri, katikati ya Mti. Sasa Nyota inaangaza kutoka juu hadi kwenye moyo, badala ya Kaisari kutoa amri. Njia ya 28 inatoka Ushindi kwenda Msingi, sehemu ya chini ya Mti. Kaisari amekuwa mtawala wa mambo ya chini. Soma tena aya ya 3, ile ya kwamba kila mwanamume na kila mwanamke ni nyota, ukiwa na mchoro huo mbele yako. Aya hiyo haina mwaliko wa kuhesabu, usiihesabu. Mti unakusaidia tu kukumbuka kwamba nyota hiyo haipo mbali juu. Njia yake inaishia Uzuri, mahali pa jua, katikati ya mtu.

Yako makosa matatu yanayofanana na elimu, na utayakuta mara nyingi. La kwanza ni sadfa. Sura ya kwanza ina aya 66, na jina Allah kwa abjadi ni 66. Mtu aliyesoma madrasa ataona hapo jambo kubwa, lakini hakuna neno hata moja la sura hiyo linaloita hesabu hiyo, na si adabu kulibebesha jina hilo mzigo ambao halikupewa. Linganisha na hii: jumlisha 1 hadi 11 upate 66. Nuit ametaja 11 kuwa namba yake ndani ya sura hiyo hiyo. Namba ni moja, lakini hesabu ya pili imeitwa na ya kwanza haikuitwa.

La pili ni kuona karata kila mahali. Sura ya pili aya ya 7, Hadit anasema yeye ni Majusi na mwenye kupunga pepo, ni mhimili wa gurudumu. Majusi ni karata ya 1, sawa. Gurudumu linaweza kuwa karata ya 10, lakini aya inataka kusema kitu kuhusu mhimili: gurudumu lote linazunguka, mhimili wenyewe umetulia. Mwendesha baiskeli wa soko la Majengo anaielewa bila karata. Anayekimbilia ya 10 anaanza kuzungumzia bahati, na aya haizungumzii bahati.

La tatu ni kumaliza kila kitu. Sura ya kwanza aya ya 24 na 25, Nuit anasema neno lake ni sita na hamsini. Gawanya, jumlisha, zidisha, uelewe. Nu ni Nuni 50 na Vavu 6. Jumla ni 56, na tano na sita ni 11, nzuri. Hamsini mara sita ni 300, Shini, herufi ya karata ya 20, ambayo kwenye Thoth imeacha kuwa Hukumu na kuwa Enzi, nayo inawaonyesha Nuit na Hadit wenyewe, nzuri pia. Kugawanya kumeelezwa kwa 6 kwa 50, yaani 0.12, kisha kila alama ikapewa maana: duara, nukta, moja, mbili. Sioni uzito wake, na sikulazimishi uuone. Na sura ya pili aya ya 76, ule mstari wa namba na herufi zilizochanganywa, upite. Aya yenyewe inamwambia nabii kwamba hajui wala hatajua kamwe. Wengi wameufungua tangu hapo, kila mmoja kwa ufunguo wake.

Kuhusu muda, aya moja kwa kikao inatosha. Isome mara tatu bila karata, uandike kwa sentensi moja inasema nini waziwazi. Pigia mstari namba, herufi na majina ya karata, kama yapo. Toa vipande hivyo tu kwenye manila, viweke mezani, hesabu mara moja kwa lugha ya neno lenyewe. Kisha tafuta aya ya pili inayokubaliana nayo. Usipoipata, weka tarehe uendelee. Usitafute neno la kamusi ambalo jumla yake imelingana kwa bahati.

Umeuliza kuhusu wenzako. Novemba 1925, akiwa Tunis, Crowley alitoa Ufafanuzi mfupi unaochapwa mwishoni mwa kitabu. Unakataza kukijadili, unasema wanaokijadili waepukwe kama chanzo cha tauni, na kwamba maswali yote ya Sheria yaamuliwe kwa kurejea maandishi yake, kila mtu kwa nafsi yake. Wafuasi hawakubaliani mipaka yake iko wapi. Ninavyousoma, kufundishana jedwali, thamani za herufi na historia ya karata ni halali kabisa. Kumwambia mwenzako "maana ya aya hii kwako ni hii" ndiko kulikokatazwa, na hata bila katazo ni vibaya. Kwa hiyo kaeni, kateni manila, fanyeni hesabu ya aya ya 48 pamoja mpaka kila mmoja aipate 111 kwa mkono wake. Maana, kila mtu aende nayo nyumbani.

Na Kiswahili ruksa. Sura ya tatu aya ya 47 inasema kitabu kitafsiriwe kwa lugha zote, ila daima kiambatane na asili yake kwa mwandiko wa yule aliyekiandika, kwa kuwa umbo la herufi na nafasi zake zina mafumbo. Mwandiko huo ni kurasa 65, na nakala zake za picha zinapatikana. Kwa vitendo, kwenye daftari lako andika mstari wa asili juu, Kiswahili chini yake, na neno lolote utakalolihesabu liandike pembeni kwa herufi za Kiebrania au Kigiriki kwa wino wa rangi nyingine. Neno la Kiswahili lisihesabiwe hata moja, isipokuwa lile "la".